Awaara kwenye skrini kubwa: maswali tunayoulizwa kila mara

Sisi ni kikundi kidogo cha wapenda sinema hapa Unguja. Kila baada ya miezi michache tunaazima ukumbi wa zamani wenye balkoni, viti vya kukunja na pazia, tunazima taa, tunaonyesha picha moja ya zamani mbele ya watu waliokaa pamoja. Safari hii ni Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa barazani, sokoni na kwa simu. Mengine tumeyajibu kwa mkato. Mengine tunayapenda mno kuyapita haraka.

Kwa nini Awaara, na si filamu nyingine?

Muulize mtu mzima wa pwani hii ni picha gani ya ujana wake haijamtoka moyoni. Mara nyingi ataitaja hii, na kabla hujamaliza swali ameshaanza wimbo. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na watazamaji wengi wa Zanzibar, ameandika kwa kirefu jinsi ilivyopokewa hapa na mapenzi yake yalivyozungumzwa majumbani. Ilipendwa pia mbali na sisi: Umoja wa Kisovieti iliingia 1954 ikajaza majumba, na Uturuki na China iliimbwa na watu wasiojua neno la Kihindi.

Kwetu ina sababu yake ya ziada. Jaji Raghunath anaamini kuwa tabia hurithiwa. Mwana wa mwema atakuwa mwema, mwana wa mwizi atakuwa mwizi, na kwa imani hiyo aliwahi kumtia hatiani Jagga, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa baba yake. Jagga anageuka jambazi kweli, anamteka mke wa jaji, kisha anamwachia. Mwanamke anarudi nyumbani, inajulikana ana mimba, maneno ya watu yanaanza, na mume anamfukuza. Mtoto, Raj, anazaliwa mtaani. Jagga anamchukua na kumfunza wizi kwa makusudi, ili siku moja jaji aone damu yake mwenyewe ikisimama kizimbani.

Sisi tuna methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Tunayo pia isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hizi mbili zimekaa kwenye kinywa kimoja miaka yote bila kuulizana. Awaara inazikutanisha mahakamani na kuzitaka zijieleze. Na yule mke aliyetolewa nyumbani kwa uvumi, hakuna mtaa wa hapa usiomjua mfano wake. Ndiyo maana kina mama walikuwa wakilia kwenye picha hii, na ndiyo maana sisi tumeichagua.

Sijui Kihindi. Nitaelewa?

Utaelewa. Tumeandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, mstari kwa mstari, na nyimbo pia tumezitafsiri.

Lakini fungua masikio pia. Utasikia duniya, utajua ni dunia. Utasikia mohabbat, utajua ni mahaba. Khabar ni habari, vakil ni wakili, kismat ni ile kismati wanayoitaja wazee. Kihindi cha sinema kimechota Kiarabu na Kiajemi kama Kiswahili kilivyochota, kwa hiyo mtu wa pwani haingii kwenye filamu hii mikono mitupu. Kwenye maonyesho ya mahakamani hasa, utajikuta unashika neno kabla macho hayajafika kwenye maandishi.

Neno lililotusumbua kuliko yote ni jina lenyewe. Awaara ni mtu anayezunguka ovyo, asiye na kwao. Tulijaribu mhuni, lakini mhuni ana ubaya ambao Raj hana anapoimba. Tulijaribu mtembezi, likawa jepesi mno. Tumebaki na mzururaji, kwa sababu ndilo neno ambalo askari humwambia kijana maskini anapomkamata hajafanya lolote. Kwenye wimbo tumeliacha awaara kama lilivyo. Kuna maneno ambayo sauti yake ni nusu ya maana.

Kutakuwa na mtu wa kutafsiri kwa sauti, kama kwenye kibanda umiza?

Hapana, si usiku huu. Tunaulizwa hivi sana na vijana, na tunaelewa kwa nini. Kizazi kizima cha Tanzania kilisikia filamu za nje kupitia sauti ya Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Ile ni sanaa kamili: mtu mmoja anaigiza sauti zote, anaeleza desturi za watu wa mbali, na anaongeza ya kwake pale hadithi inapolegea. Tunaiheshimu. Ila Awaara ina ukimya ambao ni sehemu ya hadithi, na ina sauti za waimbaji wake, Mukesh na Lata Mangeshkar, na hatutaki sauti ya tatu juu yao.

Inaanza na kumalizika saa ngapi?

Milango inafunguliwa saa 1:45 usiku, picha inaanza saa 2:15, baada ya watu kuswali Isha. Nakala za Awaara hutofautiana urefu. Hii tunayoonyesha inakaribia saa tatu, ukiongeza mapumziko hesabu utatoka kwenye saa 5:30. Ramadhani hatuonyeshi kabisa.

Saa tatu! Siwezi kukaa muda wote huo. Kuna mapumziko?

Yapo, dakika 20. Mapumziko ya sinema ya Kihindi hayakuwekwa kwa ajili ya kununua karanga tu. Hadithi imejengwa kuyategemea: nusu ya kwanza inakuacha mahali ambapo huwezi kwenda nyumbani, watu wanatoka nje wanabishana nani mwenye haki, wanarudi ndani wameshachukua upande. Ukiitazama peke yako kwenye simu na kuruka mapumziko, umeruka kipande cha filamu kisichomo kwenye mkanda.

Jaribu tu kukaa. Watu wengi waliotuambia hawawezi ndio waliokuwa wa mwisho kutoka.

Mnaonyesha kwa mkanda wa zamani au kwa dijitali?

Dijitali, kwa projekta. Tungependa mkanda, lakini nakala ya mkanda iliyo nzima ya filamu ya 1951 ni kitu cha kuhifadhiwa kwenye nyaraka, si cha kupitishwa kwenye mashine kila wikiendi. Kila mpito mmoja huiongezea mkwaruzo.

Kwa wale wanaotaka kujua mambo yalivyokuwa, mlangoni tumeweka rili moja ya mkanda wa milimita 35 ambayo unaweza kuishika na kuiinua kwenye mwanga. Picha 24 zinapita mbele ya taa kila sekunde. Futi moja ya mkanda ina picha 16, kwa hiyo dakika moja inakula futi 90. Filamu ya saa tatu ni zaidi ya futi 16,000, karibu kilomita 5 za mkanda. Ungeweza kuutandika kutoka Forodhani ukapita Darajani ukaendelea mbele, na bado unao mkononi.

Kilomita 5 haziingii kwenye rili moja. Rili kubwa ya kawaida ilibeba futi 2,000, dakika 20 na kidogo, kwa hiyo picha kama hii ilikuja kwenye makopo manane au tisa. Opereta alikuwa na mashine mbili. Moja ikikaribia mwisho, alama ndogo ya duara inatokea kona ya juu kulia ya picha. Hiyo ni ishara ya kuwasha mota ya mashine ya pili. Sekunde chache baadaye inatokea alama ya pili, naye anahamisha mwanga kutoka mashine hii kwenda ile. Akifanya vizuri, ukumbi mzima haujui kilichotokea. Akichelewa, skrini inabaki nyeupe na balkoni inapiga mbinja. Usiku wa Awaara kazi hiyo ilifanywa mara saba au nane, na mtu ambaye watazamaji hawakuwahi kumwona uso. Alama zile bado zinaonekana kwenye nakala nyingi za kidijitali za filamu za zamani. Ukiona kiduara kinapita upande wa kulia, hapo ndipo rili moja ilipoishia.

Taa nayo ilikuwa kazi ya mikono. Kabla ya balbu za zenoni, mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana na cheche kali ya umeme kuruka katikati. Vijiti viliungua na kufupika, ikabidi visogezwe bila kuchoka. Na kabla ya mkanda salama wa asetati kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkanda wenyewe ulikuwa wa naitreti, kitu kinachowaka upesi na kisichozimika hata ukikitumbukiza majini, kwa sababu hutoa oksijeni yake chenyewe kinapoungua. Ndiyo maana chumba cha mashine kwenye majumba ya zamani kina kuta nene na vidirisha vyenye vifuniko vya chuma vya kushuka vyenyewe moto ukitokea. Ukiingia jumba lolote la enzi hizo, geuka nyuma uangalie juu. Utaviona vidirisha hivyo.

Kwa nini picha haijazi skrini? Mashine ina hitilafu?

Haina. Filamu ya 1951 imepigwa kwa umbo linalokaribia mraba: ukichukua kimo chake kuwa 1, upana wake ni 1.37. Skrini pana zilikuja baadaye kidogo, miaka hiyo hiyo ya 1950, sinema ilipokuwa inapigana na televisheni. Ukiivuta Awaara ijaze skrini ya leo, ama unamnenepesha Nargis, mwigizaji wake mkuu wa kike, ama unamkata Raj Kapoor kichwa. Tunaacha weusi pande mbili, na tunafunga pazia hadi kwenye ukingo wa picha ili usiuone.

Sauti pia inatoka mbele tu, mahali pamoja. Ndivyo ilivyorekodiwa, na hatuizungushi ukumbini.

Ni nini cha kuangalia hasa, kwa mtu anayeiona mara ya kwanza?

Angalia familia. Jaji Raghunath anachezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Raj akiwa mtoto anachezwa na Shashi Kapoor, mdogo wake. Na yule hakimu mzee anayesikiliza kesi ni Basheshwarnath Kapoor, babu yao. Vizazi vitatu vya nyumba moja vimesimama mbele yako kwenye filamu inayouliza kama damu ndiyo inayomfanya mtu. Raj Kapoor, aliyeiongoza na kuitengeneza pamoja na kuwa stelingi, alikuwa hajafika miaka 30.

Kisha subiri ndoto. Iko ndani sana, baada ya mapumziko. Mawingu, ngazi, sanamu kubwa, moto, Nargis juu na Raj chini akilia kwamba hataki jehanamu hii. Raj na Rita, anayechezwa na Nargis, wanapendana, lakini Raj ni mwizi na Rita ni mwanasheria aliyelelewa na yule yule jaji, na hakuna mazungumzo yanayoweza kubeba uzito huo, kwa hiyo filamu inaacha kuzungumza na inaota. Mpiga picha alikuwa Radhu Karmakar. Kwenye simu ni moshi na watu wadogo. Kwenye skrini ya ukumbi, moshi ule unakufikia.

Mwisho hatuusemi. Na wewe uliyeiona mwaka ule, tunakuomba usimwambie jirani yako.

Tunaruhusiwa kuimba? Kupiga makofi?

Mnaruhusiwa, na tutafurahi. Wimbo wa jina la filamu, uliotungwa na Shankar na Jaikishan kwa maneno ya Shailendra, unaanza mapema. Kila tulipouonyesha kipande chake kwenye mazoezi, mtu fulani aliimba nao. Makofi stelingi anapotokea ni halali. Kumwonya kwamba adui yuko nyuma yake ni halali pia, ingawa hajawahi kusikia.

Nyimbo hizi si za wageni hapa. Taarabu ya pwani ilizichukua sauti za sinema na kuzitilia mashairi ya Kiswahili. Mombasa, Juma Bhalo alijenga jina lake kwa kiasi kikubwa juu ya sauti za Kihindi, na mashabiki wake walijua wimbo ulikotoka na bado wakaupenda kama wa kwao. Kwa hiyo ukisikia muziki ukakukumbusha harusi ya shangazi yako, hujakosea.

Tunachokataza ni simu. Mwanga wake humtoa gizani kila aliye nyuma yako. Ukitakiwa kupokea, toka nje kwanza.

Kuna onyesho la wanawake peke yao?

Lipo, siku inayofuata, alasiri, saa 9:00. Hatukulibuni sisi. Majumba ya sinema ya Zanzibar yalikuwa na maonyesho ya wanawake tangu zamani, na kwa mama na binti waliokuwa hawatoki usiku hiyo ndiyo ilikuwa sinema yao: wanaingia na mabuibui, wanayavua ndani, wanalia na kucheka bila kuangaliwa. Mabibi kadhaa walituomba turudishe. Siku hiyo mlangoni, kwenye chakula na kwenye mashine watakuwa wanawake.

Naweza kuja na watoto?

Ndiyo, filamu haina picha za aibu. Ina kisu, ina kifo, na ina mtoto anayeiba mkate kwa ajili ya mama mgonjwa, jambo ambalo baadhi ya watoto huwaliza. Chini ya miaka mitano watalala kabla ya mapumziko. Wapakateni.

Tiketi zinapatikana wapi, na balkoni ni ghali zaidi?

Zinauzwa dirishani siku tatu kabla, mkono kwa mkono, na bei iko kwenye bango. Inabadilika kutoka filamu moja hadi nyingine kwa sababu gharama za kuipata hubadilika. Balkoni na chini ni bei moja. Zamani balkoni ilikuwa ya wenye nacho na mbele kabisa ya wenye senti chache, lakini sisi tunataka mzee akae anapoona vizuri, na kijana akae anapopenda.

Mtu mmoja hauziwi zaidi ya tiketi nne. Jumapili za zamani, picha mpya ya Kihindi ilipoingia, walanguzi walinunua vitabu vizima na kuziuza nje mlangoni kwa bei wanayoitaka, na watu walilipa kwa sababu familia imeshavaa na haiwezi kurudi nyumbani. Utamu wa Jumapili zile tunautaka. Ulanguzi hatuutaki.

Kwa hiyo mnaonyesha Majestic?

Hapana, na tunaomba radhi kwa wanaofika Vuga wakitutafuta. Jengo la Majestic si letu. Mahali tulipo pameandikwa kwenye tiketi.

Lakini swali linaeleweka, kwani kwa wengi Majestic ndiyo sinema yenyewe. Pale Vuga kwanza palikuwa na Royal, jumba la miaka ya 1920 lililochorwa na John Sinclair, yule yule aliyechora jengo la makumbusho la Beit el Amani. Royal liliungua katika miaka ya 1950. Badala yake pakajengwa Majestic, lililofunguliwa 1955 kwa mtindo wa Art Deco: uso mweupe ulionyooka, mistari ya kwenda juu, hakuna nakshi za milango ya Mji Mkongwe. Wengine huona halifanani na jirani zake. Sisi tunaona kinyume chake. Mji Mkongwe uliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000 kwa sababu ya kupokea ya Uarabuni, Uhindini, Ulaya na Afrika na kuyafanya ya kwake, na jumba la sinema limefanya hivyo hivyo. Mtu anayelinda mlango wa kuchonga alinde na dirisha la tiketi.

Majumba yote yalikwenda wapi?

Televisheni ya rangi ilifika Zanzibar mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri televisheni hadi 1994. Halafu ikaja video katika miaka ya 1980, na kwa nauli ya familia moja kwenda sinema mtaa mzima ukatazama sebuleni kwa mtu. Fedha za kigeni za kukodi picha mpya zilikuwa ngumu, viti vilipasuka visibadilishwe, na mwenye jumba akapata mpangaji anayelipa vizuri zaidi.

Kila mji una orodha yake. Dar es Salaam palikuwa na sinema ya magari ya Msasani, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya gari au wameketi kwenye mikeka. Leo pana ubalozi wa Marekani. Nairobi, Shan ya Ngara imekuwa Sarakasi Dome, na angalau humo watu bado wanatazama jukwaa. Kampala, Norman sasa ni kanisa linaloitwa Watoto. Hatuna ugomvi na kanisa wala duka. Linalotuumiza ni pale jumba linapobomolewa kabla hata mtu mmoja hajapiga picha ya chumba cha mashine.

Si filamu ipo bure YouTube? Kwa nini nilipe?

Ipo, kwa nakala nyingi, nyingine zimekatwa na nyingine zimefifia hadi weusi umekuwa kijivu. Kama huna uwezo wa kuja, itazame huko, ni bora kuliko kutoijua kabisa.

Ila tumewahi kukaa na bibi wa zaidi ya miaka 70 aliyeiona filamu hii kwenye simu ya mjukuu wake mara kadhaa. Tulipomwonyesha dakika kumi tu kwenye skrini kubwa alinyamaza, kisha akasema alikuwa amesahau kwamba macho ya Nargis ni makubwa kiasi kile. Tunalipisha ili tulipie ukumbi, umeme na nakala iliyosafishwa ambayo weusi wake ni weusi kweli.

Mna ruhusa ya kuonyesha?

Tunayo. Sheria ya India hulinda filamu kwa miaka 60 tangu kutolewa, na Awaara imeshaupita muda huo, lakini kazi ya kuisafisha nakala ina wenyewe, nasi tunaomba kwa wenyewe. Hapa nyumbani tunapitia BASSFU kwa ukaguzi wa filamu na COSOZA kwa hakimiliki. Anayetaka kuonyesha kijijini kwake aanze huko, na mapema.

Umeme ukikatika?

Jenereta ipo na inachukua kama dakika mbili. Projekta lazima ipoe kabla ya kuwashwa tena, kwa hiyo subirini dakika kumi. Tutarudi nyuma kidogo ili msikose kitu.

Chakula?

Kachori, bajia, karanga, bisi, kashata, kahawa na juisi ya miwa, vyote nje, kabla na wakati wa mapumziko. Karanga na bisi zinaingia ndani. Urojo hauingii.

Niko Maskati, au Toronto, au London. Mnaweza kutuonyesha na sisi?

Hatusafiri, lakini tafsiri yetu ya Kiswahili tunaitoa bure kwa kikundi chochote chenye nakala halali. Tumeipanga kwa nakala tunayotumia, hivyo ikiwa yenu ni fupi zaidi maandishi yatakimbia mbele ya midomo. Tuambieni filamu yenu ina dakika ngapi, tutawasogezea. Mkiona tumekosea neno, tuandikieni. Mzee mmoja ametusahihishia mistari sita tayari, na yote sita alikuwa na haki.

Picha inayofuata ni ipi?

Tunaitaka Mother India ya 1957, ya Mehboob Khan, iliyoteuliwa kugombea Oscar. Hiyo ina rangi, na rangi yake ikipauka filamu imekwisha, kwa hiyo tunasubiri nakala nzuri kwanza. Sholay ya 1975 imeombwa na watu wengi kuliko nyingine yoyote. Shida yake ni mwisho: ule wa kwanza ulikataliwa na wakaguzi wa India ukapigwa mwingine, na mwaka 2025 filamu ilisafishwa na mwisho wa kwanza ukarudishwa. Watu walioijua Sholay ya zamani wataona Thakur, yule polisi wa zamani, akifanya jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Kikundi chetu kimegawanyika nusu kwa nusu juu ya ipi ionyeshwe. Mkija kwenye Awaara, pale mlangoni karibu na rili kutakuwa na daftari. Andikeni mnataka mwisho upi, na jina la picha nyingine yoyote mnayoikumbuka, hata kama mnakumbuka wimbo wake tu.